Bima ya nyumba Mombasa: anza na kipengele cha ardhi kudidimia

Malalamiko yananijia kutoka Tudor, Kisauni mpaka Mikindani, na wimbo ni ule ule: nyumba imepasuka, kampuni ya bima imekataa kulipa. Mambo ya moto na wizi siyagusi, kila ajenti anayajua kwa moyo.

Kisiwa chetu kimekalia mawe ya matumbawe, yenye mashimo na mapango ndani. Ukivuka kwenda bara, Changamwe na Miritini, kuna udongo unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Ufa ukipanda ngazi-ngazi kwenye viungo vya matofali, na mlango wa chumbani ukaanza kukwaruza sakafu, usimwite mpaka rangi: huenda ardhi ndiyo inayodidimia.

Bima ya kawaida hubeba moto, radi, dhoruba na mafuriko, mara nyingi na tetemeko. Kudidimia na kuporomoka kwa ardhi huongezwa kwa malipo ya ziada, na hata ukilipa, soma yaliyoondolewa: nyumba mpya inayoshuka kidogo ikijikalisha, ujenzi mbovu, mmomonyoko wa bahari, ardhi iliyojazwa. Iliyojazwa, jamani! Viwanja vingapi vya kando ya maji hapa Mombasa havikumwagwa kifusi?

Kwangu namba moja ni bima kamili ya jengo pamoja na nyongeza ya ardhi, kifusi kikiwa kimejadiliwa kwa maandishi. Ningeanzia kampuni ya Jubilee, iliyozaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1937, ingawa mwaka 2021 upande wa nyumba na magari uliingia mikononi mwa Allianz ya Ujerumani. Upendeleo? Ndiyo, tena mtupu. Namba mbili, bima hiyo hiyo bila ardhi, kwa aliyejenga juu ya mwamba na fundi wake anamwamini. Ile rahisi ya moto peke yake, inayodaiwa na benki kwa ajili ya mkopo, inamtuliza mwenye benki.

Thamani nayo iwe ya kujenga upya. Nyumba ya milioni 10 ukiikatia milioni 5, yaani nusu, hasara ya milioni 2 utalipwa nusu yake, milioni moja, kisha wakate eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe.

Na hawa maajenti! Ukiuliza bei utaonyeshwa ada ya mafunzo, asilimia 0.2 ya malipo yako, ada ya mfuko wa fidia, asilimia 0.25, stempu ya shilingi 40, hakuna senti iliyosahaulika. Ukiuliza ardhi, jibu ni "kila kitu kimo, mama". Basi akuandikie. Akikwepa, Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko, lakini ni heri kumkimbia ajenti huyo kabla hujamlipa.