Gitaa kavu au la mtumba la kuchomeka?

Hapa Bagamoyo ubishi huu hauishi: nibaki na gitaa langu kavu, lisilotumia umeme, au nibadilishane na la mtumba la kuchomeka, lenye kikuza sauti cha betri ndani, na kuongeza hela juu?

Kwa gharama, kavu linashinda: nyuzi sita, basi. La kuchomeka linataka betri ya volti 9, waya na spika. Chumvi ya bahari inakula nyuzi za yote mawili, ila kwenye la kuchomeka inakula mpaka tundu la waya. Chomeka, tikisa waya taratibu; sauti ikikwaruza, dai punguzo. Fungua na kisanduku cha betri, utazame kutu ya kijani.

Jukwaani TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, likishindana na ngoma, kavu halisikiki hata ukate nyuzi. Mwenye shoo kila wiki abadilishane tu. Mimi napiga barazani jioni, langu silitoi.