Ziara ya Boti kutoka Kibirizi hadi Ujiji: Somo la Jiografia Linaloanzia Majini

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu 12 wa kidato cha tatu katika ziara ya nusu siku inayoendeshwa na vijana wa mwalo wa Kibirizi, ambayo wenyewe huitangaza kuwa ni ya kuijua Kigoma na watu wake. Mimi hufundisha Jiografia, kwa hiyo nilisikiliza kwa sikio la mtu anayesahihisha, na nasema bila kusita kwamba shilingi 15,000 tulizolipa kwa kila mwanafunzi hazikupotea, ingawa yapo mambo mawili yanayopaswa kurekebishwa.

Ubora wake mkubwa ni kule kuanzia majini. Anayeishi Mwanga au Gungu, hapa mjini Kigoma, amezoea kupanda na kushuka vilima, lakini akiwa ndani ya boti ndipo anapoona jinsi vilima hivyo vinavyoteremka hadi ukingoni na kuendelea kushuka chini ya maji, kwa kuwa Ziwa Tanganyika limejaa ndani ya Bonde la Ufa na kina chake hufikia takriban mita 1,470. Kwenye mdomo wa ghuba ya Kigoma mwongozaji alizima injini, akawapa wanafunzi kamba iliyofungwa jiwe na kupigwa fundo kila baada ya mita moja. Walihesabu mafundo kwa sauti hadi la 20, kamba ikaisha, jiwe halijagusa chini.

Baadaye tulizunguka Bangwe, tukapita Katonga, na tulipokaribia Ujiji nahodha aliinua injini akashika upondo. Punde vijana wawili walishuka kusukuma, maji yakiwafika magotini, na ufuko ukiwa bado mbali. Hapo hapakuhitajika hotuba. Wanafunzi walijieleza wao kwa wao kwa nini Wajerumani, reli yao ilipofika ziwani mwaka 1914, waliishusha Kigoma penye maji ya kina badala ya Ujiji, mji uliokuwa mashuhuri tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Meli tunayoiita Liemba, ambayo wakati huo iliitwa Goetzen, iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Nimelifundisha jambo hili ubaoni kwa miaka mingi, na sijapata kuona likieleweka upesi namna hii.

Upande wa idadi ya watu ndio uliopwaya. Mwongozaji aliwaambia wanafunzi kwamba mji una watu karibu milioni mbili na nusu, kumbe hiyo ni idadi ya mkoa mzima, ambao katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu 2,470,967. Manispaa ya Kigoma Ujiji ilihesabiwa kuwa na watu 232,388, kutoka 215,458 mwaka 2012. Kosa hilo si dogo, kwa sababu linaficha jambo la kufikirisha: katika miaka hiyo kumi manispaa iliongezeka kwa takriban asilimia 8, ilhali mkoa uliongezeka kwa asilimia 16, yaani ongezeko kubwa liko nje ya manispaa. Nilimweleza faragha, akashukuru, akaandika kwenye daftari lake.

Hata hivyo, alipoacha tarakimu na kuanza kueleza watu wenyewe, alikuwa hodari. Tukitembea chini ya miembe ya Ujiji, alituonyesha kwamba Waha ndio wenyeji wa mkoa, na kwamba Wamanyema na Wabembe, ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, wamekuwa watu wa mji huu kwa vizazi kadhaa. Bibi mmoja aliyekuwa akianika dagaa kibarazani aliitikia shikamoo za wanafunzi, kisha akawataja wazee wake hadi babu aliyevuka kutoka Kongo. Ningependa sehemu hii iongezwe muda, kwani tulipewa dakika 40 tu, na nyingi kati ya hizo ziliishia kwenye kumbukumbu ya Livingstone, ambayo kila mwanafunzi wa hapa ameshaiona.

La pili la kurekebisha ni majaketi okozi. Mawili yalikuwa na mikanda iliyokatika, na boti ilicheleweshwa karibu saa nzima mpaka mengine yalipoletwa, kwa sababu nilikataa tuondoke bila hayo. Atakayekwenda kati ya Juni na Agosti aombe kuondoka saa 12 asubuhi, kwa maana upepo wa kusi ukishika kasi, njia ya Bangwe huwa na mawimbi makubwa kwa boti ya ukubwa ule.