Mabua shambani au mboji: ipi inahifadhi kaboni zaidi?

Magharibi mwa Kenya, ambako mradi wa Vi Agroforestry, shirika la Uswidi, ulipata mwaka 2014 hati zake za kwanza za kaboni ya udongo (vyeti vinavyouzwa kwa ajili ya kaboni iliyozuiwa ardhini isipae hewani), mkulima mwenye ekari moja huwa na swali lile lile baada ya kuvuna: haya mabua niyatandaze au niyaozeshe yawe mboji?

Kutandaza ni rahisi. Unayalaza kati ya mistari, hulimi, unachimba tu mashimo ya mbegu. Udongo hubaki na unyevu, na mvua kubwa haiuchukui. Ila kaboni yake hukaa zaidi juu juu, sentimita chache tu. Ukirudi na jembe msimu ujao, sehemu kubwa huoza na kupaa hewani. Halafu kuna ng'ombe. Mabua ndiyo chakula chake wakati wa kiangazi, na ng'ombe wa jirani hajui kuwa unahifadhi kaboni. Mchwa nao, tusiwasahau.

Mboji inachosha: kukata, kupanga matabaka na samadi, kumwagilia, kugeuza, kisha kubeba. Lakini ng'ombe anakula kwanza, samadi inarudi shambani. Chimba penye mboji ya miaka kadhaa uufinyange udongo: ni mweusi, unashikana, una minyoo, dalili kwamba kaboni imekaa ndani.

Mimi ningechagua mboji, hata kwa nusu shamba. Kwenye mteremko, hapo ningetandaza kwanza, maana udongo ukishafika mtoni umeondoka na kaboni yake.