Begi la kamera ni zuri, zipu yake ni balaa

Kama unaishi kisiwani na unatafuta begi dogo la mgongoni la kamera, nisikilize kabla hujatoa pesa. Lita zake na idadi ya mifuko sitaji, hayo yameandikwa kwenye boksi. Nataka kusema habari ya zipu. Zipu moja tu, ya mlango wa ubavuni. Na habari ya kijana mmoja wa dukani Mombasa ambaye mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Mimi napiga picha Lamu. Kazi inayonilisha ni harusi upande wa wanawake: siku ya hina, siku ya kupamba, zile shughuli za ndani ambazo mpiga picha mwanamume haruhusiwi hata kuvuka daka, ile baraza ya mlangoni. Picha zile ni amana, zinatoka mikononi mwangu zinaingia mikononi mwa mama mwenye harusi, basi. Siku zisizo na harusi natoka na kamera kwa raha ya nafsi yangu. Nakata kisiwa kwa miguu hadi Matondoni kuangalia mafundi wakiunda majahazi, au nafuata ufuo wa Shela mpaka kwenye vilima vya mchanga, au nangoja maji yajae niende kwa mashua kwenye magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda, maana kile kijito cha bahari kinachoingia katikati ya mikoko hakipitiki maji yakitoka. Kwa hiyo begi langu lazima liwe la mwendo wa saa nyingi juani, na jioni yake liweze kuingia nyumba ya watu lisionekane kama mzigo wa safari.

Na lazima liwe dogo. Kwetu udogo wa begi si urembo. Kuna vichochoro huku, punda akija na mchanga ubavu huu na huu, unajibana ukutani mpaka apite, na kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe, zinakwaruza. Begi lililotuna mgongoni litachubuka ndani ya wiki. Hili nililonunua lilikuwa bapa, likilala mgongoni kama limekatwa kwa kipimo changu. Mlango wa ubavuni ndio ulionivutia: unavua mkanda wa bega moja, begi linazunguka mbele, unachomoa kamera bila kuliweka chini. Anayezijua njia za Lamu anajua ni kwa nini hutaki kuweka kitu chini.

Nitasema na mengine mazuri, nisije nikaambiwa nina chuki. Mkanda wa kifua unapanda na kushuka. Hilo ni jambo kubwa kwa mwanamke, kwa sababu mabegi mengi yameshonwa kwa kifua cha mwanamume, mkanda unakukata mahali pabaya, na juu ya buibui ndio kabisa hauketi. Huu uliketi. Mkanda wa kiuno ulibeba uzito wa kweli, mabega yangu yakapumua. Mlango mkubwa unafunguka upande wa mgongoni, kwa hiyo hata ukibanwa na watu kwenye feri ya Likoni hakuna mkono utakaoingia nyuma yako. Siku moja njia ya Matondoni mvua ilinipiga mpaka nikalowa chapachapa, nikafungua begi nyumbani, ndani pakavu. Miezi ile ya mwanzo nilikuwa nalisifu kwa kila mtu. Wapo walionisikiliza wakanunua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa zipu. Taratibu nilianza kuona unga mweupe kwenye kichwa cha zipu, kile kidude cha chuma unachokivuta. Nilikuwa nalifuta begi kwa kitambaa cha maji matamu kila nikitoka baharini, kama karatasi yao ilivyoagiza, na unga ukarudi palepale. Meno ya zipu hayakuwa na neno, ni ya nailoni, chumvi haiyali. Kinacholiwa ni kichwa. Chuma chake cha bei rahisi kimepakwa rangi nyeusi kionekane cha maana, rangi ikibanduka chumvi inaingia, kichwa kinapanuka kidogo kidogo, na kikishapanuka hakina tena nguvu ya kuyabana meno yaumane. Unavuta, unasikia zzzip, unaona imefunga. Haikufunga. Nyuma ya kichwa meno yanaachana taratibu, wewe una habari gani?

Tulikuwa tunarudi kutoka Takwa, jioni, kusi imepamba moto, mashua inapanda na kushuka kwenye ngazi za gati. Nimempa nahodha mkono, nimeinama niweke mguu kwenye ngazi, nikahisi begi limekuwa jepesi ubavuni. Lenzi yangu ya milimita 50 ikatoka kwenye ule mlango, ikagonga ngazi pale chaza zilipoganda, ikaruka mara moja, ikaingia majini. Kijana mmoja aliyekuwa gatini alijitupa kabla sijafungua mdomo. Mungu amlipe, akaibuka nayo mkononi, inachuruzika maji. Nilimshukuru sana, lakini nilijua imekwisha. Lenzi ikishakunywa maji ya bahari, ikauke isikauke, chumvi inabaki ndani, kwenye nyaya na kwenye zile pazia ndogo za kupitishia mwanga. Siku chache baadaye niliigeuza sikioni nikasikia inakwaruza.

Asiyepiga picha ataona ni lenzi tu. Ile ndiyo iliyokuwa inafungua mpaka 1.8, na namba hiyo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mwanga mwingi unavyoingia. Ndani ya nyumba za kale za Lamu, kuta nene, madirisha machache, taa za manjano, ndiyo iliyokuwa inaniwezesha kupiga bila flashi. Harusi iliyofuata nilipiga kwa lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, ukiivuta inaishia 5.6, nikalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha ikajaa chengachenga. Bibi harusi alikuwa amechorwa piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, mikononi, mistari myembamba kama unywele, kazi ya mchana kutwa. Kwenye picha zangu mistari ile imeungana, imekuwa doa jeusi. Mama yake alizitazama kimya, akasema, "Si kitu, mwanangu." Afadhali angenigombeza.

Nikapanda basi na risiti yangu. Anayeijua safari anaijua: boti mpaka Mokowe, kisha barabara ya Garsen, vizuizi vya polisi, Malindi, ndipo Mombasa. Nilifika dukani na vumbi langu. Duka silitaji. Yule kijana alikuwa na simu mkononi, na simu hiyo hakuiweka chini mpaka natoka. Nikamsalimu, nikamweleza, nikamwonyesha kichwa cha zipu na ule unga wake. Hakuligusa begi. Akasema, macho yake yakiwa kwenye simu:

"Mama, nyinyi watu wa visiwani mnayaogesha mabegi baharini, halafu mnakuja kutulilia hapa."

Nikamwambia, "Kijana, hili begi kwenye boksi lake limechorwa mtu yuko ufukweni." Na ni kweli, limechorwa hivyo, mtu amesimama kwenye mawe, nyuma yake mawimbi. Akacheka. Nikamwambia waranti yenu imeandikwa mwaka mzima. Akasema waranti ni ya begi, si ya zipu. Jamani! Begi bila zipu ni nini? Ni gunia! Nikamtajia kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Akamgeukia mwenzake: "Leo tumeletewa wakili kutoka Lamu." Wakacheka wote wawili. Watu wazima wamesimama pale wananunua, wanasikia.

Mimi zipu ningeweza kuisamehe. Vitu huharibika. Kama angeniambia, "Pole mama, acha hili begi tuone," ningerudi kwetu nikaandika maneno mengine kabisa. Mtu aliyenunua kwako kwa fedha zake, akasafiri kutwa nzima kukutafuta, hata kiti humpi? Hata glasi ya maji? Kwetu mgeni hatendewi hivyo hata kama amekuja kudai.

Begi nililirudisha Lamu nikampelekea mzee mmoja fundi, anashona viatu, turubai, na matanga yakipasuka. Akavaa miwani, akakibana kile kichwa cha zipu kwa koleo, zipu ikafunga. Akasema, "Mwanangu, hii itakupeleka wiki, haitafika mwezi. Chuma hiki si cha bahari." Akainuka, akatafuta kwenye mzigo wake, akatoa laifujaketi kuukuu la rangi ya chungwa lililochanika, akafumua zipu yake. Meno makubwa ya plastiki, na kichwa chake pia plastiki. Akaniambia jaketi hilo limelowa chumvi miaka na miaka na zipu yake bado inateleza. Akaishona kwenye begi langu mbele ya macho yangu, uzi wa matanga, mishono miwili miwili. Bei aliyonitoza naona haya kuitaja, kwa udogo wake.

Tangu siku hiyo mlango haujafunguka. Nimekwenda nalo Takwa tena, nimepanda nalo vilima vya Shela na upepo unarusha mchanga, na kila nikifika ninalifungua nikitetemeka, nakuta kila kitu mahali pake.

Basi nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kulipatia begi nyota moja. Nikikumbuka mkanda wa kifua, na mvua ya Matondoni, na jinsi linavyopita kichochoroni, nasema haki yake ni tatu, pengine nne, maana kwa umbo sijaona lililolishinda. Lakini nne za nani? Linalonipeleka kazini sasa ni zipu ya yule mzee. Waliotengeneza begi zima kwa akili, kisha wakabana shilingi chache kwenye kidude kinachoshika mali yote iliyo ndani, siwezi kuwapa nne. Mbili. Na nazitoa kwa shida.

Ukilitaka hata hivyo, na nakuelewa ukilitaka, usijaribu mabega kwanza. Shika kichwa cha zipu, kikwaruze kwa ukucha mahali pasipoonekana, tazama rangi inabanduka au haibanduki. Tafuta herufi YKK, ni kampuni ya Japani ya tangu 1934 na zipu zake nimezitumia kwa amani, ila siku hizi herufi hizo zinaigizwa, kwa hiyo ukwaruze vilevile. Funga zipu, kisha ibonyeze kwa kidole kutoka ndani: meno yakiachana dukani, gatini yataachana zaidi. Kama unakaa Lamu, Malindi, popote penye chumvi hewani, usilifungie begi na kamera ndani yake usiku kucha, weka vipakiti vya kufyonza unyevu, maana kuvu wa lenzi hawangoji. Na mlango wa ubavuni, hata uwe mzuri vipi, hakikisha una kifungo cha pili cha kuushika kwa nje. Langu halikuwa nacho. Yule mzee amenishonea kimoja juzi bila kuombwa, kwa kipande cha mkanda wa laifujaketi lilelile.

Duka lile nyota sifuri. Nimepigiwa simu na dada mmoja wa Malindi anataka kununua begi hilihili palepale, nimemwambia alitafute kwingine, hata kama ni ghali zaidi, na akilipata alilete Lamu kwa mzee kabla hajatia kamera ndani.