Uzoefu wangu: miaka minne ya binti yangu katika shule ya msingi ya Kikatoliki

Binti yangu Neema aliingia darasa la kwanza Januari 2022 katika shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Morogoro, ya mchepuo wa Kiingereza, inayoendeshwa na masista. Sasa yuko la nne, upimaji wa taifa keshafanya, na mdogo wake anatakiwa kuanza Januari. Nimeona niandike haya kabla sijalipa ada ya mtoto wa pili. Jina la shule silitaji kwa sababu nina malalamiko pia, na masista hawa nawaheshimu, bado wananilelea mtoto.

Nilipochukua fomu nilidhani naelewa shule ya Kanisa ikoje: sala asubuhi, kipindi cha dini, Misa mara moja kwa wiki, basi. Mengine yote yangekuwa kama kwingine, maana mtaala ni wa Taasisi ya Elimu Tanzania na mtihani ni ule ule wa nchi nzima. Nilichokuja kukiona ni kwamba kipindi cha dini ndicho sehemu ndogo kuliko zote. Imani wameitia kwenye kalenda, kwenye hesabu, kwenye historia, hadi kwenye namna ya kusuluhisha watoto waliogombania rula.

Chukua Kwaresima ya mwaka huu. Kila darasa lilikuwa na kopo la majitoleo. Mtoto anaweka anachojinyima, cha andazi au cha ubuyu, hata kama ni shilingi hamsini. Wiki ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi mwalimu wa hesabu akalimwaga kopo mezani, watoto wakahesabu wenyewe: shilingi 63,000. Kazi yao ilikuwa kununua mchele wa kupeleka kwa wazee. Kilo ni 2,500, je, watapata kilo ngapi? Wakagawanya, wakapata kilo 25, ikabaki shilingi 500. Hapo ndipo darasa lilipowaka moto. Mmoja anasema zinunuliwe pipi, mwingine anasema arudishiwe aliyetoa nyingi. Mwalimu akawauliza swali moja tu: hii mia tano ni ya nani? Neema alirudi nyumbani na swali hilo, akatuuliza mezani mimi na baba yake, na nakiri tulikaa kimya kidogo. Mwishowe walinunua viberiti. Alinionyesha daftari: njia ya kugawanya, jibu, baki, na chini yake ameandika kwa penseli, "baki ni ya wazee". Kugawanya kwa baki hajawahi kukosea tangu siku ile.

Kila darasa lina kona ya sala: meza ndogo, Biblia, msalaba, sanamu ya Bikira Maria, na kitambaa kinachobadilika kwa majira ya Kanisa. Darasa la kwanza wanajifunzia rangi hapo hapo. Zambarau ni Majilio na Kwaresima, nyeupe ni Noeli na Pasaka, nyekundu ni Pentekoste na mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani, kijani ni siku za kawaida. Saa sita kamili kengele inalia, na hata kama mwalimu yuko katikati ya sentensi, chaki inawekwa chini, watoto wanasimama kwa sala ya Malaika wa Bwana. Kipindi cha Pasaka, badala yake, wanasali Malkia wa Mbingu. Mwanzoni niliona wanapoteza dakika za masomo. Kisha Jumamosi moja nilimkuta Neema uani, mikono imejaa povu la vyombo, amesimama wima. Kengele ya parokia ilikuwa inalia na mimi sikuwa nimeisikia, miaka yote niliyokaa mtaa ule.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililokuja na mtaala mpya, wanalitendea haki kuliko nilivyotarajia. Walipofika kwenye biashara ya utumwa, mwalimu aliwasimulia habari za Mtakatifu Bakhita, binti wa Sudan aliyetekwa angali mdogo, akauzwa mara kadhaa, akaja kuwa mtawa Italia na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Mwezi wa nane wakapelekwa Bagamoyo, nami nikajitolea kusindikiza. Pale misheni, walipofika mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, watoto walisimama chini ya ule mbuyu mkubwa uliomeza mnyororo. Wote wakadhani ni mnyororo wa watumwa. Mwalimu angeweza kuwaachia hivyo, maana hadithi ingenoga zaidi. Hakuwaachia. Aliwaambia huo ulikuwa wa kufungia punda, kisha akawapeleka makumbusho kuona minyororo yenyewe. Mimi nilimpa heshima yangu yote hapo. Shule inayotumia imani kufundisha historia inaweza kushawishika kutia chumvi, na huyu alikataa.

Sayansi nayo wameipa nafasi. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa mazingira kwao ni kazi ya mikono: kila darasa lina miti yake, na wanafundishwa kwamba maji tunayokunywa mjini yanatoka milima ya Uluguru ile wanayoiona dirishani, ukikata msitu kule juu, huku chini unakunywa tope.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni kwamba shule hii inamsomesha na mzazi. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo linasema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na masista wanalichukulia hilo kama sheria ya shule. Maandalizi ya Komunyo ya Kwanza yalipoanza niliambiwa nilete barua ya jumuiya, yaani kikundi cha sala cha Wakatoliki wa mtaa. Jumuiya nilikuwa nimeiacha tangu tulipohamia Kihonda. Nikaenda ofisini nikiwa nimejiandaa kubishana.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, Mama Neema."

Nikajieleza: kazi, foleni, Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufua. Sista mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Neema, sisi tunakaa naye saa nane. Saa kumi na sita anakaa na ninyi. Nikimfundisha kusali halafu nyumbani hakuna anayesali, atadhani ni kitu cha shuleni, kama sare." Nilitoka na hasira, na Jumamosi nikaenda jumuiya. Sasa ni mwaka wa pili siachi.

Malalamiko yangu ni matatu. La kwanza ni lugha. Kwa kuwa shule ni ya Kiingereza, sala zote walizifundisha kwa Kiingereza. Oktoba ya mwaka wake wa pili tulikwenda kwa bibi yake Matombo, bibi akaanzisha rozari jioni, na mjukuu anayesali kila siku akakaa kimya kama mgeni. Bibi hakusema kitu, lakini nilimwona anavyomtazama. Nililipeleka kwenye kikao cha wazazi, kumbe tulikuwa wengi. Muhula uliofuata wakagawa siku, Kiswahili na Kiingereza kwa zamu, na nawashukuru kwa hilo.

La pili halijaisha. Mtihani wa dini unapewa alama na nafasi kama masomo mengine. Neema hakariri haraka. Darasa la tatu alikuwa wa 38 kati ya 42 kwenye dini, na usiku ule akaniuliza kitandani, "Mama, kwa hiyo Yesu ananijua mimi wa thelathini na nane?" Sikulala. Nimeandika barua, nimeonana na mwalimu wa taaluma, nimeambiwa linajadiliwa. Ripoti ya Juni mwaka huu nafasi ilikuwepo bado. Kupima kama mtoto ameelewa Amri Kumi ni sawa. Kupanga watoto foleni mbele ya Mungu si sawa, na nitaendelea kusema mpaka waiondoe.

La tatu linamhusu mtoto wa jirani yangu, Mwislamu, anayesoma darasa moja na binti yangu. Heshima anapewa, hakuna anayemlazimisha kufanya ishara ya msalaba, na kwenye sala anasimama kimya na wenzake. Lakini kipindi cha dini anapelekwa maktaba na wenziwe wachache bila mwalimu, wanachora tu. Wazazi wao wanalipa ada ile ile, shilingi 1,400,000 kwa mwaka kwa awamu nne, nauli ya basi mbali. Watafutiwe mwalimu, au wapewe kazi ya maana.

Pamoja na hayo yote, mdogo wake nampeleka. Kilichoniamulia ni jambo la mwezi uliopita. Neema alimsukuma mwenzake, yule akaangusha chupa yake ya maji ikapasuka. Adhabu ya fimbo haikuwepo. Walikalishwa wote wawili kwenye kona ya sala, Neema akatakiwa kutaja alichokosa bila kutia "lakini", kisha aseme atakirekebisha vipi. Alikuja kuniomba nimpe kazi ya kulipwa, akapepeta mchele na kufagia uwanja wiki mbili, akanunua chupa mwenyewe. Mimi sikumfundisha hivyo, na sijui kama ningeweza.

Mkienda kuitazama shule ya namna hii, msiishie ofisini kwenye vikombe na picha za maaskofu. Ombeni kuona daftari la hesabu la mtoto yeyote wa darasa la nne, ulizeni watoto wasio Wakatoliki hukaa wapi kipindi cha dini, kisha kaeni uwanjani mpaka saa sita kengele ilie, mtazame walimu wanafanya nini.