Duka la dawa za sunna, Ngamiani: nunua talbina, chupa ya ujana iache

Duka ni dogo, kabati mbili za vioo na mzani, hapa Ngamiani, Tanga. Kinacholitofautisha na mengine ni muuzaji: hakimbilii kukwambia una jini au kijicho. Anauliza kwanza unakula nini na saa ngapi, kisha anakukumbusha ile hadithi ya kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Wengi huondoka bila kununua kitu, naye hanuni.

Bidhaa bora ni unga wa talbina. Ni shayiri iliyosagwa na makapi yake, kwa hiyo hauwi mweupe pee. Vijiko vikubwa viwili vikoroge kwanza kwenye nusu kikombe cha maji baridi, ongeza kikombe cha maziwa, moto mdogo, dakika 10 hadi 15, mwiko usitulie. Ukiumwaga kwenye maji yanayochemka utapata madonge mabichi katikati, kisha lawama apewe muuzaji. Asali itiwe uji ukishapoa kidogo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Zafarani ya kombe, yaani ya kuchanganywa na marashi na kuandikia aya zinazooshwa kwa maji, ni ya kweli. Uzi ukitiwa majini hutoa umanjano polepole, wenyewe ukabaki mwekundu. Ya bandia huyapaka maji rangi papo hapo, uzi ukapauka. Ila marashi yaliyopangwa pembeni yake mengine ni ya kunyunyiza tu. Kombe hunywewa, basi soma chupa.

Mafuta ya habasoda, zile mbegu ndogo nyeusi, ni mazito, yanakereketa koo inavyotakiwa. Anayemeza dawa za sukari au presha amwambie daktari wake kwanza, maana habasoda nayo huteremsha vyote viwili.

Sasa ile chupa ya “kurudisha ujana”. Lebo haitaji vilivyomo. Ukiuliza unajibiwa ni siri ya dawa. Na ukutani, juu yake hasa, wamebandika hadithi kwamba kila maradhi yana dawa ila uzee! Tiba ya mizaji, ile ya kale inayopima joto, baridi, unyevu na ukavu wa mwili, huhesabu uzee kuwa baridi na yabisi (ukavu), ndiyo maana mzee hupewa supu, tangawizi, asali na kuchuliwa mafuta. Huko ni kumtunza mzee wetu. Ujana hauuzwi kwa chupa.

Ijumaa hufunga kabla ya adhana, hufungua baada ya sala.