Uzoefu wangu Eckley: mtaa mmoja wa wachimba makaa, Pennsylvania, Marekani

Ukienda Eckley, lipia mwongozaji. Kijiji chote ni mtaa mmoja mrefu wa nyumba za mbao, na asiyeelezwa atapiga picha mbili tatu na kuondoka. Mimi nilienda Oktoba na mke wangu na mwanetu, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kutoka Lancaster tunakoishi.

Kampuni ya makaa ya mawe ilikijenga 1854, na nyumba na duka vilikuwa vyake. Mwongozaji wetu, mama mmoja mtaratibu, alitufundisha kuusoma mtaa: huku vibarua, familia mbili chini ya paa moja; kisha nyumba zinapanuka kulingana na cheo, hadi jumba la mwenye mgodi. Walitangulia Waingereza, Wawelisi na Wajerumani, wakafuata Waairishi, kisha Waslovakia, Wapolandi na Waitaliano. Waliofika mwisho ndio walioanzia chini. Katika nyumba ya kibarua, mke wangu alisimama sana jikoni. Mama wa nyumba alipikia wanawe na wapangaji pia, huku mabinti wengi wa eneo hili wakienda viwanda vya hariri vya Hazleton, mji wa jirani, kuongezea mshahara wa baba.

Lile jengo refu jeusi la kuvunjia makaa, ambalo kila mtu hulikimbilia na simu, lilijengwa 1968 kwa ajili ya filamu ya The Molly Maguires. Msilidharau, maana filamu hiyo ilisaidia kijiji kisibomolewe, na 1971 kikawa mali ya jimbo.

Katika majengo halisi ya aina hiyo, wavulana wadogo, wengine wa miaka minane, walichambua mawe kutoka kwenye makaa kwa mikono mitupu, bila glavu. Vidole vilivimba na kutoka damu. Mwanangu ana miaka tisa. Alisikiliza yote mikono ikiwa mfukoni, na kwenye gari hakuomba simu.

Wakati wa kurudi tulipitia Lattimer, karibu na Hazleton, penye mnara wa kumbukumbu. Tarehe 10 Septemba 1897 wachimbaji wahamiaji walioandamana bila silaha walipigwa risasi na watu wa sherifu, mkuu wa usalama wa kaunti; wakafa 19. Tulisoma majina yao kwa sauti, tukikosea matamshi.

Tengeni nusu siku, vaeni viatu vya kutembelea, na Lattimer msiiruke.